Tuliazima basi, tukakiacha kikao

Nyuma ya mlango wa bibi jirani yangu kuna mistari mitatu ya makaa ukutani. Wa kwanza uko usawa wa goti, wa pili umefika kiunoni, na wa tatu, ule wa Desemba 2011, unanipita kifuani. Nyumba ikipakwa chokaa, fundi huambiwa apake kote, ila pale nyuma ya mlango asiguse. Siku moja nilimuuliza kwa nini hataki kufuta kumbukumbu mbaya namna ile. "Mwanangu, akija mtu na makaratasi yake akasema hapa maji hayafiki, sitabishana naye. Nitafunga mlango tu, aone."

Mtaa wetu upo bondeni, kando ya kijito kinachomwaga maji yake mto Msimbazi. Masika yakikaribia kila mtu anajua la kufanya: viroba vya mchanga mlangoni, godoro juu ya kabati, vyeti vya watoto ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili. Tunajua na jambo lisilosemwa mbele ya wageni, kwamba mvua ikikolea usiku wapo watakaotapisha vyoo, wafungue shimo maji yapite nalo, na asubuhi watoto wavuke maji hayohayo kwenda shule. Simlaumu anayetapisha. Gari la kunyonya majitaka haliingii kwenye vichochoro vyetu, na bei yake kwa mama anayeuza maandazi ni chakula cha siku nyingi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, mkutano mkuu wa mtaa ukiitishwa huwa naombwa nisaidie kuandika. Tangu asubuhi kijana anazunguka na kipaza sauti juu ya bajaji, viti vya plastiki vinakodiwa, turubai linafungwa upande mmoja kwenye mwembe na upande wa pili kwenye nguzo. Afisa anasimama, anatuomba tutaje vipaumbele vya mtaa kwa ajili ya bajeti ijayo. Watu wanataja: taa za barabarani, kivuko cha waenda kwa miguu, matundu ya vyoo shuleni, zahanati. Naandika kwenye kaunta buku, nakala inanakiliwa, inapelekwa kata.

Mwezi uliopita nilizipanga mezani kurasa za miaka minne. Namba moja, miaka yote minne, ni mtaro wa maji ya mvua. Mwaka wa kwanza tuliandika neno hilo tu. Wa pili tukaongeza urefu, tulioupima kwa hatua za miguu. Wa tatu tukaongeza idadi ya nyumba zilizoingiliwa na maji. Mwaka wa nne mzee mmoja alisimama kule nyuma akaniambia, "Katibu, usiuchoshe mkono. Andika 'kama mwaka jana'." Watu wakaguna. Wengine wakaanza kuondoka kabla ya kufunga kikao, na wengi wao sijawaona tena mkutanoni.

Miaka hiyo yote hakuna aliyerudi kutuambia orodha ile ilifika wapi: kama ilijadiliwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kama ilifika kwenye baraza la madiwani, kama ilikatwa, ilikatwa na nani na kwa sababu gani. Simtuhumu mtu wizi. Ninachodai ni jibu. Hata "hapana" ni jibu, mradi uambiwe na sababu yake.

Mwaka jana tulipata wageni kutoka Nairobi, akina mama sita na kijana mmoja, wa vikundi vya akiba kama chetu. Walikuja kwa basi, wakalala majumbani mwetu wawili wawili, wakaoga kwa ndoo zetu. Tukawatembeza kijitoni, tukawaonyesha mistari ya bibi. Jioni, baada ya wali wa nazi na maharage, mama mmoja mwenye mvi akaniomba kaunta buku. Akasoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari. Kisha akaniuliza, "Na mwaka jana mliitisha nini, na mkajibiwa nini?"

Kwetu kinachoitishwa ni mkutano, kwa hiyo ilinichukua muda kumwelewa. Nikamwonyesha orodha. Akasema, "Hii ni ya kuitisha. Ya kujibiwa iko kwa kitabu gani?"

Sikuwa na kitabu hicho. Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu miji iliyowahi kukiandika, na nimekuta kwamba mingi ni miji kama yetu, yenye mabonde, vumbi na hazina nyembamba.

Unaotajwa kwanza kila mara ni Porto Alegre, kusini mwa Brazil. Mwaka 1989 uliongozwa na meya mpya, Olívio Dutra wa Chama cha Wafanyakazi, aliyekuta mishahara ya watumishi inameza karibu mapato yote ya manispaa. Akawaita wananchi wapange nao bajeti, mtindo unaoitwa bajeti shirikishi. Husimuliwa kana kwamba jambo hilo lilifaulu siku ya kwanza, na si kweli. Watu walitoa orodha ndefu, fedha haikutosha kujenga chochote cha maana, na mwaka uliofuata mikutano ikapwaya, sawasawa na wetu pale chini ya mwembe. Kilichouokoa mpango ni kwamba manispaa ilirekebisha kodi, hasa ya majengo, mapato yakapanda, na kazi zikaanza kuonekana mitaani. Hapo watu wakarudi. Mji uligawanywa katika kanda 16, kila kanda ikichagua wajumbe wake, na fedha ikagawanywa kwa vigezo vilivyo wazi: kanda ina watu wangapi, imekosa huduma hiyo kwa kiasi gani, na wananchi wenyewe wameiweka nafasi ya ngapi. Kati ya mwaka 1989 na 1996 nyumba zenye maji ya bomba zilitoka asilimia 80 hadi 98, na zenye huduma ya majitaka kutoka asilimia 46 hadi 85. Mwaka huo wa 1996, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa makazi uliofanyika Istanbul, dunia nzima ikaelekezwa kutazama kule.

Watu wakiisimulia Porto Alegre husisitiza kura. Mimi kilichonishika ni kalenda. Mwaka wa bajeti ulianza kwa manispaa kusimama mbele ya wananchi na kusema: mwaka jana mlichagua hili na hili, hili limejengwa, hili limekwama, limekwama kwa sababu hii. Hapo ndipo mazungumzo ya mwaka mpya yalipofunguliwa. Kitabu cha kujibiwa kilisomwa kwanza, cha kuitisha kikafuata.

Belo Horizonte, mji mwingine wa Brazil ulioanza mwaka 1993, ukaongeza kitu ninachokipenda kuliko vyote. Kabla ya kupiga kura, wajumbe wa mitaa mbalimbali walipandishwa kwenye mabasi wakazungushwa kuona mahali pa kila mradi ulioombwa. Waliuita msafara wa vipaumbele. Aliyekuja kupigania barabara yake alishushwa mbele ya nyumba zilizoning'inia kwenye mteremko unaoporomoka, akaona. Kisha kazi zilipoanza, kamati ya wananchi waliochaguliwa na wenzao ilifuatilia ujenzi. Nikifikiria msafara ule ninamwona afisa akiwa nyuma ya mlango wa bibi, mlango umefungwa, anatazama mstari wa tatu.

Si kweli kwamba Tanzania haikuwahi kufikiria mambo haya. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 tuna utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambapo kijiji au mtaa unakaa, unatazama ulichonacho na kinachokukwamisha, unapanga. Nimekaa kwenye vikao hivyo na ninauheshimu utaratibu huo, kwa sababu ndio ulionifundisha kwamba mama anayeuza maandazi ana maoni kuhusu kipenyo cha kalavati. Lakini una tundu. Orodha inaandikwa kabla ya kujulikana kuna shilingi ngapi. Ni kumtuma mtoto sokoni na karatasi ndefu bila kumwambia atapewa hela ngapi. Akirudi na nyanya peke yake, huna hata la kumuuliza.

Kiasi kikijulikana watu hubadilika. Tazama ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwenye kikundi chetu hakuna asiyeijua hesabu ya nne, nne, mbili. Mikopo hiyo iliposimamishwa mwaka 2023, wanachama ambao hawajawahi kufungua mdomo mkutanoni walikuwa wananipigia simu: fedha yetu iko wapi, itarudi lini? Waliuliza kwa sababu namba ilikuwa yao. Sasa chukua kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ukinunua umeme, unaiona kwenye ujumbe wa simu, imeshakatwa. Kila mwenye mita mtaani kwetu anajua kiasi kinachotoka kwake. Kinachorudi mtaani hakina ujumbe wa simu. Ningependa sana siku moja, kabla ya mtu yeyote kutaja kipaumbele, afisa aanze kwa kusema: kata yenu mwaka huu ina kiasi hiki cha kuamulia. Kiwe kidogo. Tutakitolea jasho kukigawa, lakini tutajua tunachogombea.

Dar es Salaam si mgeni wa kuazima kutoka miji ya wenzetu. Mipango mikuu ya jiji hili ilichorwa na wageni kutoka mbali: wa 1949 na kampuni ya wahandisi ya London, wa 1968 na wa 1979 na kampuni za Kanada. Lakini mwendokasi hatukuuchukua London wala Kanada. Njia maalumu za mabasi zilianza Curitiba, Brazil, mwaka 1974. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, wakazichukua na kuzikuza, na TransMilenio yao ikaanza mwishoni mwa mwaka 2000. Kutoka huko mtindo ukatufikia: Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kubeba abiria kwenye njia ya kilomita 21, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Mwaka 2018 Dar es Salaam likawa jiji la kwanza la Afrika kupewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Nilijivuna siku hiyo, na bado najivuna. Kabla yake mdogo wangu alikuwa anatoka Kimara saa kumi na moja alfajiri ili awahi kazini Posta saa mbili.

Hata hivyo, karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na maji yameiingilia zaidi ya mara moja. Bonde hilohilo ndilo waliloondolewa watu baada ya mafuriko ya 2011, wakapelekwa Mabwepande. Mtu yeyote mwenye mistari ya makaa nyuma ya mlango angeweza kueleza maji yanapita wapi. Kituo cha basi kinapigwa picha, kinapimwa, kinasainiwa mkataba, kwa hiyo kinaazimika kwa urahisi. Kikao hakipigwi picha. Tukaazima basi, kikao tukakiacha hukohuko Brazil.

Lakini nisiseme kana kwamba kila kilichokuja kilikuja na wakubwa. Kuna mambo yaliyosafiri kwa miguu, na hayo ndiyo yaliyonipa moyo wa kuandika makala haya.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliichora ramani ya mtaa wao, uliokuwa hauonekani kwenye ramani yoyote ya wazi isipokuwa kama doa tupu. Miaka miwili baadaye, 2011, baadhi ya waliowasaidia kule wakaja Dar es Salaam, na wakazi wa Tandale pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakafanya vilevile Tandale. Mwaka 2015 ikaja kazi kubwa zaidi, Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wakizunguka kata kwa kata kwenye maeneo yanayofurika. Mtaani kwetu alipita msichana na simu na karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne. Alimsalimia bibi shikamoo, akaketi kwenye mkeka, akauliza maji yalifika wapi. Hakuuliza mita. Aliuliza: kifundo, goti, kiuno, kifua? Bibi akafunga mlango. Yule binti akainama, akapima kila mstari, akaandika. Mpaka leo bibi humuulizia.

Mfano wa pili uko Vingunguti. Wanachama wa shirikisho la vikundi vya akiba vya watu wa makazi duni, lililoanza nchini mwaka 2004, wameshiriki kuweka kule mfumo rahisi wa majitaka: bomba jembamba, lililochimbiwa kina kifupi, linalopita kichochoroni ambako lori haliwezi kupita, mpaka kwenye mabwawa ya majitaka. Bomba hilo lina ukoo. Wabrazili wa kaskazini mashariki walibuni mifumo ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiunganishwa mtaa kwa mtaa badala ya nyumba kwa nyumba. Wakati huohuo, Orangi, makazi makubwa yasiyopimwa ya Karachi huko Pakistani, mzee mmoja aitwaye Akhtar Hameed Khan alikuwa ameanza mwaka 1980 kukaa na watu akiwauliza kwa nini wanaisubiri serikali kwa kila kitu. Wakakubaliana: choo na bomba la kichochoro ni juu ya wenye nyumba, bomba kuu na usafishaji ni juu ya serikali. Kichochoro kimoja, nyumba ishirini au thelathini, kilichagua msimamizi wake, kikachanga, kikachimba. Gharama ikashuka mno, kwa sababu hakukuwa na mkandarasi wa kati wala michoro ya kifahari.

Wapo wanaoupinga mtindo huo, na nawaelewa. Wanasema maskini wa Orangi walilipia kile ambacho wenye nacho wanapewa kwa kodi. Ni kweli. Mimi nisingekubali kamwe serikali yetu iseme "changeni" ikaishia hapo. Lakini makubaliano yale yalikuwa na pande mbili, na upande wa pili ulikuwa na jina na kazi yake. Mwenye kichochoro kilichomalizika ana nguvu ya kugonga mlango wa ofisi na kusema: la kwetu tayari, lenu liko wapi?

Mfano wa tatu ulinifanya niweke kitabu chini. Miaka ya 1960, TANU ilipanga wanachama wake kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Sisi tuliokulia Dar es Salaam tunamjua balozi: ndiye aliyeamua ugomvi wa wapangaji, ndiye uliyempitia ukitaka barua ya kwenda kwa mtendaji. Mwaka 2013 Kenya wakaichukua nyumba kumi, wakaitumia kwa usalama wa mitaa. Kisha Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ikatangaza Mukuru, makazi ya kaya zipatazo 100,000 kwenye eneo la viwanda, kuwa eneo maalumu la mipango. Ukasitishwa ujenzi mpya, ukaandaliwa mpango pamoja na wakazi wenyewe. Kaya laki moja unazikusanyaje? Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa makazi duni wa Kenya na ndugu wa lile la kwetu, wakazipanga kumi kumi. Kila kumi ikatoa msemaji, makumi yakaungana kuwa mamia, na mawazo ya barabara, maji, majitaka na shule yakapanda ngazi hizo mpaka mezani kwa wapangaji wa kaunti na walimu wa vyuo vikuu, yakashuka tena kwa zile kumi kuulizwa: hivi ndivyo mlivyosema?

Yule mama mwenye mvi alikuwa msemaji wa kumi yake. Aliposikia kwamba kwetu balozi wa nyumba kumi siku hizi hutafutwa zaidi wakati wa uchaguzi wa chama, alistaajabu. "Lakini hii kitu tulitoa kwenu," aliniambia. Nikakosa jibu. Tulikuwa na ngazi tayari, imejengwa tangu kabla sijazaliwa, na haikutupita akilini kuipandishia mtaro.

Maputo, mji mkuu wa Msumbiji, walipotaka bajeti shirikishi mwaka 2008 hawakuhitaji mkalimani. Brazil wanazungumza Kireno, wao wanazungumza Kireno. Barua, fomu, kanuni, hata mabishano vilipita bila kutafsiriwa. Na kwenye nchi yao hiyohiyo mji mdogo wa Dondo ulikuwa umetangulia kushirikisha wakazi karibu miaka kumi kabla. Nikajiuliza: sisi Kiswahili chetu tunakitumia kwa nini? Kutoka Dar es Salaam unaweza kukaa kikao bila mkalimani Mombasa, Nairobi, Kisumu, Bukavu, Lubumbashi. Tofauti zipo, lakini ni za kukaa nazo jioni moja. Wao wanasema wadi, sisi kata. Diwani wetu kwao ni mwakilishi wadi. Wao wanaitisha, sisi tunaomba. Na kusema kweli, nikiwa nimesikia kitenzi chao nimeanza kukichukia kidogo chetu, kwa sababu anayeomba kodi yake mwenyewe amejishusha kabla hajaanza. Kaunti ya Makueni, chini ya gavana Kivutha Kibwana kati ya 2013 na 2022, iliwakalisha wananchi kuanzia kijijini mpaka ngazi ya kaunti kupanga miradi, na kamati za wananchi zikasimamia ujenzi. Hapo si Brazil. Ni mwendo wa basi, na mafundi wao wanaelewa ukisema mtaro.

Ningedanganya kama ningesema mambo haya yakishaota hayang'oki. Maputo walianza, wakasimama, wakarekebisha, wakaanza tena. Porto Alegre kwenyewe, baada ya miaka karibu thelathini, uongozi ulioingia mwaka 2017 uliisimamisha bajeti shirikishi, na hata kabla ya hapo kazi zilizopigiwa kura zilikuwa zinalimbikizana bila kujengwa. Kisichoandikwa kwenye sheria kinategemea hisani ya aliyeko ofisini. Kwa hiyo nikisema tuazime kikao, ninataka tukiazime na kanuni zake: kiasi kitajwe kabla, majibu yasomwe hadharani, tarehe zijulikane, na akibadilika mkurugenzi au mwenyekiti tarehe zisibadilike. Bajeti yetu inaanza Julai mosi kila mwaka. Tarehe ya majibu inaweza kuwekwa kwenye kalenda hiyohiyo.

Wageni walipoondoka, yule mama aliniachia daftari jipya, la mistari, jalada la buluu. Halikuwa na maandishi. Nimeandika juu yake: MAJIBU. Ukurasa wa kwanza nimenakili ombi la mtaro, miaka yote minne, na kulia kwake nimeacha nafasi. Nimeandika barua ya kurasa mbili, imesainiwa na wajumbe wa kamati ya mtaa na watu 63, tunaomba kusomewa majibu hayo kwenye mkutano ujao, kabla ya ajenda nyingine yoyote. Nimeipeleka kwa mkono, nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Nimeibandika kwenye ukurasa wa pili.

Wakati huohuo hatukai bure. Kichochoro chetu, kuanzia kwa bibi mpaka kwenye mkuyu, kina nyumba 22. Tumezigawa kumi, kumi, na mbili zimejiunga na wenzao wa ng'ambo. Kila kundi limechagua msemaji. Wa kwetu ni yule mzee aliyesema niandike "kama mwaka jana". Alikataa mara mbili, mara ya tatu akauliza kama atapewa daftari. Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijawaka, tunaanza kupima mteremko. Fundi mmoja wa hapa mtaani ametuazima tepu ya mita 50 na kipimo cha maji, ule mpira mrefu mwembamba unaojazwa maji ili kujua wapi pako juu. Bibi amesema tuanzie kwake, nyuma ya mlango.